Miezi Mitano ya Kula Wima

Mume wangu, Fundi, anasuka viti vya henzerani, na ana maradhi mawili: kikohozi cha vumbi la mbao, na kushindwa kumkatalia mtu anayeongea kwa upole. La kwanza lina dawa.

Mama yake aliteleza bafuni akaumia kiuno. Alipopata nafuu akawa anaweza kulala na anaweza kusimama, lakini kila kiti alichojaribu alisema kinamng'ata. Tulileta cha sebuleni, cha jikoni, cha jirani, hata kile cha kinyozi kinachozunguka. Vyote vinang'ata. Akaamua kula amesimama, sahani juu ya kabati la vyombo. Sasa nani angejikalia kitako huku mzazi kasimama? Fundi akasimama. Nikasimama. Binti zetu wawili wakasimama. Mama hakumwamuru mtu, ila hakusema kaeni, na nyumbani kwetu neno hilo ni lake. Majirani wakatubandika jina, Ukoo wa Wima. Mimi ninashinda nimesimama nikipiga pasi nguo za watu, halafu nirudi nile wima. Miguu iliniwaka moto, na nilimchukia kila mtu mwenye kiti.

Fundi alimsimamisha mama yake mlangoni, akampima mgongo kwa uzi, akapiga fundo kila penye maumivu. Kwa uzi ule akafanya kazi zaidi ya miezi minne. Viti vyake vina sharti moja: henzerani husukwa ikiwa imelowa, na mwenye kiti lazima akikalie kabla unyevu haujaisha, ndipo kishike umbo la mwili wake. Kikikauka kitupu kinakuwa kigumu kama ubao wa kufulia, na hakibadiliki tena.

Siku alipomaliza kusuka, kabla hajamwita mama yake, akaingia karakana msimamizi wa ukumbi wa maonyesho, bwana mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Akakizunguka kiti mara tatu. Akasema, kwa adabu zote, kwamba angependa kukionyesha wiki sita tu. Fundi akatia sahihi. Jioni nikamuuliza kama alimweleza kwamba kiti kina mwenyewe. Akasema alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, lakini yule bwana alikuwa ameshamshukuru.

Siku mbili nilimwacha ajipakulie mwenyewe.

Ikabidi kiti kisikauke. Kila asubuhi Fundi alipita ukumbini na kitambaa chenye maji mfukoni mwa koti, na mlinzi akigeuka, anakipangusa kiti mgongo na kalio. Tukawa na wagonjwa wawili, mmoja nyumbani na mmoja maonyeshoni. Siku ya tano msimamizi akaona matone sakafuni. Wala hakutafuta aliyemwaga maji. Alikwenda kuchapisha kibao kipya: KITI KINACHOTOA JASHO. Watu wakaanza kumiminika.

Ikafika Jumamosi ya wasanii kuzungumzia kazi zao. Nilimvisha Mama gauni lake la kutokea, nikamwambia twende tukamsikilize mwanawe. Binti zetu nikawaambia watangulie. Kichwani nilikuwa na langu, na mkobani nilikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha.

Ukumbini hapakuwa na pa kukaa. Msimamizi alieleza kwamba viti vya kawaida vingeshindana na kazi za wasanii, kwa hiyo watu kama sabini tulisimama, mimi nikiwa na uzoefu kuliko wote. Kiti cha Fundi kilikuwa juu ya jukwaa fupi, kimezungushiwa kamba nyekundu.

Mfinyanzi, dada mmoja mrefu, ndiye aliyeanza. Vyungu vyake havina vitako. Alichukua dakika ishirini kutueleza kwamba kitako kinakinyima chungu uhuru wa kuwaza. Mama akaniuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama binti wa watu aliishiwa udongo. Watu waliokuwa karibu wakaandika kitu kwenye madaftari yao.

Kisha mfinyanzi akamgeukia Fundi. Akasema alilia alipoyaona matone yale, akataka kujua ni jasho la nani. Akauliza kama si la wafanyakazi wote wasiopata kupumzika. Vichwa vikatikisika ukumbi mzima. Msimamizi akamsogezea Fundi kipaza sauti, akamwomba, kwa upole ule ule, atuambie maana yake. Nikamwona mume wangu anaanza kuitikia kwa kichwa. Namjua. Alikuwa anakaribia kukubali, na akikubali kiti kisingerudi nyumbani, nasi tungekula wima siku zote. Nikawasukuma watu mpaka nikafika mbele, pale ambapo angeniona.

Akaniona. Akatazama na miguu yangu.

"Ni maji ya bomba," akasema. "Kiti ni cha mama yangu."

Msimamizi akatabasamu, akaanza kusema kwamba pengine baada ya maonyesho. Fundi akasema hapana. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, na sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake kwa mtu mwenye adabu. Sikungoja arudie. Niliifungua kamba nikampandisha Mama jukwaani. Alijishusha kidogo kidogo, henzerani ikalialia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, halafu akatulia akisubiri kung'atwa. Ukumbi mzima ulisubiri naye. Msimamizi alikuwa anatafuta pa kuanzia, lakini Mama alikuwa ameshamshukuru.

"Haking'ati," akasema.

Fundi akamwambia asiinuke mpaka kikauke, yaani kama muda wa saa nne hivi. Mama akaitikia. Kisha akatazama mbele, akauona ule umati uliomsimamia, akakunja uso kama mwenyeji aliyesahau wageni.

"Jamani, mbona mmesimama? Kaeni."

Nilikaa palepale nilipokuwa, kwenye sakafu ya baridi, mkoba mapajani. Binti zetu wakakaa. Mfinyanzi akakaa, na madaftari yote yakakaa, na mwisho msimamizi akaketi na suruali yake nyeupe, maana neno lile halikuacha nafasi ya kubishana. Nilimenya yai la Mama kwanza, nikampa. La pili likawa langu. Fundi akaja akakaa ubavuni mwangu, nikamkatia mkate, na nikala nimekaa, machozi yakinitoka mbele za watu, wala sikuyafuta.