Nilishinda Mdahalo wa Rais Mbaya Kuliko Wote

Admin, ukiyaweka haya ondoa jina langu na la shule. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, Mkongomani wa Kivu Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nasoma bweni Mbarara, kidato cha tatu. Si mtu wa maneno mengi. Wenzangu wakicheza, mimi niko na kitabu. Rafiki yangu wa kweli ni mmoja tu, Furaha (si jina lake). Kwetu Misiera, kijiji kimoja cha kambi, nyumba zetu zinapakana, na shuleni tulishiriki kitanda cha ghorofa, yeye juu, mimi chini.

Mama yake anauza mandazi. Mwaka jana aliitwa ofisi ya wakimbizi kwa mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, akaniomba kwanza nimwandikie historia yake kwa Kiingereza, ili akifika mbele ya mkalimani asianze kutafuta maneno. Wakimbizi wenzangu mnajua, historia yako ndiyo faili lako. Alinisimulia kwa siku mbili huku akikanda unga. Wanajeshi wa rais fulani waliingia kijijini kwao, wakamuua mumewe, wakamkata yeye vidole viwili, wakamweka porini miezi saba. Mimba ya Furaha ilitoka huko. Furaha mwenyewe alijua tu kwamba baba yake alikufa kabla hajazaliwa.

"Ile maneno inabakia humu mu nyumba," mama aliniambia. "Ata kuku asisikie."

Niliapa.

Muhula uliopita klabu yetu ya Kiswahili iliandaa mdahalo: ni kiongozi gani wa nchi amekuwa mbaya kuliko wote katika zama hizi? Kila upande ulipewa rais wake wa kumshtaki; wetu alikuwa yule wa wanajeshi wale. Majina yao siyaandiki, sitaki ubishi ule uanze tena hapa. Upande wa pili uliongozwa na mvulana wa kambi ya jeshi, mtoto wa askari. Kiswahili chake ni cha jeshini, lakini kuchekesha anajua. Mimi nilikuja na kurasa kumi na moja nilizonakili maktaba: miaka, mikataba, vifungu vya katiba. Nilisoma bila kuinua macho.

"Wewe nasoma kama padri ya mazishi!" akapaza sauti. "Huyo presidenti yako alikosa nini? Alikosa spelingi?"

Ukumbi ukalipuka. Hata mwalimu alificha mdomo.

"Ya kwetu alimaliza watu. Wewe leta mutu hata moja. Moja tu!"

Furaha alikuwa mstari wa mbele. Alinionyesha dole gumba, akanong'ona, "Usiogope." Na mimi nikaziweka zile karatasi mezani, nikasema: kuna mama mmoja Nakivale.

Ningependa kuwaambia kwamba hasira ilinipanda, nikapotewa na akili. Si kweli. Nilijua ninachofanya. Kila sentensi ukumbi ulizidi kunyamaza, na kimya kile kilikuwa kitamu. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu. Nikasema mume alivyokufa. Nikasema vidole. Nikasema miezi saba, na mtoto. Nikaongeza, kwa sauti ya chini ili iwachome zaidi, "Mtoto huyo leo ana miaka kumi na tano, na hajui."

Nilisahau siku ya wageni, mapema muhula ule ule. Mama Furaha alikuwa ametuletea beseni zima la mandazi, akawagawia wanafunzi mmoja mmoja kwa mkono ule wenye vidole vitatu. Vichwa vikaanza kumgeukia Furaha. Furaha alikuwa bado anapiga makofi. Akawa anapiga polepole, halafu akaacha, akaitazama mikono yake.

"Eeh!" yule mvulana akapiga kelele. "Kumbe tunasoma na mutoto ya presidenti!"

Walicheka mpaka madawati yakagongana. Tulipewa ushindi. Mwalimu alinishika mkono akasema nina kipaji.

Tangu siku hiyo, kwenye foleni ya posho, ugali wetu wa shule, wanampisha Furaha na kumwinamia: "Mpisheni Mtoto wa Rais, ale kwanza." Alihama kitanda. Hakuniuliza chochote.

Sasa tuko likizo. Juzi mama yake aliniita, nikawakuta wote wawili wameketi. Furaha alikuwa ameshamuuliza baba yake ni nani.

"Banajua pa masomo," mama aliniambia, macho yamevimba. Akamgeukia binti yake. "Nani alibaambia?"

Furaha alinitazama.

"Sijue, mama," akasema.

"Ni mkalimani wa ku ofisi," mama akasema. "Ni yeye na huyu mwana tu balijua. Na huyu ni mwana wangu."

Aliponisindikiza hadi mlangoni, Furaha alinisogelea sikioni. "Sitasema," akaniambia. "Nataka akupende hivyo hivyo, na wewe ukubali, huku ukijua ulichofanya."

Mama Furaha ameshatangaza Misiera nzima kwamba mkalimani anauza siri za watu. Wanawake wawili wamekataa kuhojiwa yeye akitafsiri. Mkewe haitikiwi salamu kisimani. Na jana mama Furaha alikuja kwetu na daftari jipya, akaniomba nimwandikie barua ya kumshtaki mkalimani ofisini, kwa sababu, alisema, hakuna anayejua kueleza jambo kama mimi. Anaitaka kesho asubuhi.

Nikiiandika, mtu asiye na kosa anapoteza kazi. Nikisema ukweli, mama atajua pia kwamba binti yake alijua ni mimi akanyamaza, na wale wawili hawana ndugu mwingine duniani. Nikikataa bila sababu, atauliza sababu.

Msiniambie nisali, nimesali. Msiniambie mimi ni mtoto. Daftari liko wazi hapa mbele yangu. Nishaurini ndugu zangu, sentensi ya kwanza niandike nini?