Mume Wangu, Mdogo Wangu na Programu ya Muziki

Mume wangu Ulukman ametengeneza muziki wa nusu ya harusi za mjini Osh, na wanaoucheza hawamjui kwa sura. Anayesimama mbele na maikrofoni ni mwimbaji. Ulukman yuko nyumbani anakunywa chai. Kazi yake ni minusi, yaani muziki wenye ala zote isipokuwa sauti ya mwimbaji. Mwimbaji huja nao ukumbini ndani ya simu, akaufungulia na kuimba juu yake. Studio ni lile jiko letu la kiangazi upande wa pili wa ua. Alipolibandika mazulia ukutani nilinuna, nikahamishia masufuria yangu ndani, kisha nikazoea.

Mtindo wake wa kazi ni mmoja tangu nimjue. Hukaa kwenye kinanda, hufumba macho, akapiga wimbo mzima mpaka mwisho. Akikosea hasimami. Akimaliza ndipo hurudi kwenye kompyuta, akakata pale palipoharibika na kupiga upya kipande hicho. Kisha huongeza ala nyingine juu yake, nayo pia toka mwanzo mpaka mwisho.

Nurzada ni mdogo wangu, tumbo moja. Alipoacha kazi ya duka la simu alihamia kwetu, akaanza kufanya kazi na shemeji yake. Hajui kupiga ala yoyote, ila ana sikio, na vijana wanapenda biti zake. Yeye huanza na kipande kifupi cha ngoma. Anakiacha kizunguke, kizunguke, mpaka sisi wengine tunatamani kuzima umeme wa nyumba nzima. Halafu anaongeza besi, makofi, filimbi. Akishapata vipande vya kutosha ndipo anavipanga: hiki hapa, kile pale, tayari wimbo.

"Shemeji, umefumba macho unapiga muziki au umelala?" humwambia.

"Bora mimi ninayelala. Wewe unasaga nyama."

Ndio utani wao. Shemeji na shemeji, nani wa kuwazuia?

Shida ilianza kompyuta ya zamani ilipozimika na kukataa kuwaka tena, pamoja na programu ambayo Ulukman alikuwa ameizoea miaka yote. Wakanunua kompyuta mpya. Basi Ulukman akatangaza mezani, mbele ya pilau, kwamba sasa studio itakuwa na programu moja tu, ambayo wote wawili wataijua, ili mmoja akiugua mwingine amalizie kazi. Nilimwona ni mtu mwenye akili sana. Hata Nurzada aliitikia kwa kichwa.

Ila programu gani? Nurzada alitaka ile yake ya kwenye laptopu, FL Studio, ambayo vijana wa mjini wanaiita Fruti. Ulukman alitaka Reaper, kwa kuwa ilifanana na ile aliyoizoea: mistari mirefu inayotoka kushoto kwenda kulia, unarekodi, unakata, unabandika. Wakakubaliana wajaribu zote kwa wimbo wa kweli.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Mairamkan. Huyu ni mwimbaji wa harusi tangu ujana wake, mwanamke wa sauti nzito na vicheko vingi, lakini safari hii aliyekuwa anaolewa ni binti yake mwenyewe. Alitaka kumwimbia wimbo wa kumuaga, ule ambao marehemu baba yake Mairamkan alikuwa akiupiga kwa komuz, gambusi yetu ya nyuzi tatu. Uanze taratibu, kama mzee alivyoupiga. Halafu ngoma iingie watu wacheze.

"Mwanzo nilie, mwisho nicheze," alituambia. "Mkikosea mkanichezesha mwanzo na kuniliza mwisho, nitarudi hapa na wakwe zangu wote."

Wakaanza na Fruti. Ulukman alichukua komuz akapiga mwanzo wa wimbo ule. Sasa, wimbo ule una pumzi. Kila mwisho wa mstari unapunguza mwendo kidogo, kama mtu anayegeuka kutazama nyuma, ndipo unaendelea. Programu haikumkataza, tena Nurzada alimwonyesha namna ya kuzima ule mlio wa kuhesabu mapigo. Lakini macho ya Ulukman yalikuwa kwenye vile visanduku vya mapigo vilivyopangwa sawasawa kwenye skrini, na mkono ukawa unafuata macho. Alirudia tena na tena. Ikatoka komuz safi, imenyooka, imekufa.

"Nasikia kama napiga nikiwa nimefungwa kamba miguuni," alisema.

"Usiangalie skrini basi, shemeji."

"Nisipoangalia nitajuaje nimefika wapi?"

Ikaja zamu ya Reaper. Nurzada alikaa mbele ya ule mstari mrefu mtupu. Nilimpelekea chai, nikamkuta ameshika mashavu. Nilipokwenda kuchukua kikombe, chai ilikuwa imepoa na mstari bado mtupu.

"Dada, sijui pa kuanzia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huu mstari unaniuliza wimbo utaisha vipi, na mimi hata ngoma sijapata."

DJ mmoja wa ukumbini aliposikia mgogoro wetu alikuja na dawa yake: chukueni programu ya Ableton, kila mtu atafurahi. Akawaonyesha. Kweli ilipendeza, vipande vyote viko mbele yako, unabonyeza hiki na kile navyo vinaingia kwa zamu yake huku watu wanacheza. Kwa yeye anayesimama mbele ya watu ilikuwa kama mkono wake wa tatu. Nurzada aliipenda, akasema bado Fruti anaijua zaidi. Ulukman aliuliza, "Sasa wimbo wenyewe uko wapi?" DJ akacheka, akala sambusa zangu za tanuri, akaenda zake.

Baada ya hapo utani ukakatika. Mtu asiyewajua angeona ni heshima: "Karibu shemeji", "Asante shemeji". Mimi nilijua hali ni mbaya. Ulukman akaacha kuingia studio asubuhi. Siku moja akaniambia rafiki yake anatafuta mtu wa kumsaidia kuuza matairi sokoni Kara-Suu.

"Matairi!" nikasema. "Wewe hata baiskeli huna."

"Huenda muziki umenipita, Topchu. Nurzada ni kijana. Programu yake ndiyo ya sasa. Mimi namzuia."

Na upande wa pili wa ua, mdogo wangu ananiambia hayohayo kinyume chake: kwamba shemeji ndiye mwanamuziki, yeye ni mbabaishaji wa kupanga visanduku, afadhali arudi dukani kuuza simu. Mimi nikawa katikati, kila mmoja ananilalia begani, na harusi ya binti wa Mairamkan inakuja.

Hapo ndipo simu ilipotoka Uzgen, anakoishi mama yetu: amelazwa, nyongo, lazima apasuliwe. Tulikwenda mimi na Nurzada. Mama alitukaripia kwa nini tumekuja na mikono mitupu, nikajua hali si mbaya sana. Akaingizwa chumba cha upasuaji. Alitoka salama. Daktari alisema tu asile mafuta, naye mama, hata hajafumbua macho vizuri, akauliza kama pilau ni mafuta. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nusu yake hayakuwa ya kicheko. Mimi nilirudi Osh kwenye kazi yangu ya upishi wa chekechea. Nurzada akabaki kumuuguza, na laptopu yake akiwa nayo.

Mairamkan akapiga simu kuuliza wimbo wake. Ulukman akampigia Nurzada, simu akiwa ameiweka mezani nami nasikia.

"Mama anaendeleaje?"

"Anamtukana nesi. Anaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Sikiliza, Nurzada. Ule wimbo. Mimi ngoma siwezi kama wewe. Fanya huko huko, kwa Fruti yako, unavyotaka. Nitumie ngoma tu. Komuz nitapiga hapa."

"Kwa hiyo nisitumie Reaper?"

"Tumia hata sufuria."

Akatuma siku hiyohiyo, mama akiwa amelala. Si faili ya programu. Alituma sauti tupu ya ngoma, ile ambayo programu yoyote inaisoma. Ulukman akaibandika kwenye mstari wake mrefu, akazima skrini, akafumba macho, akaupiga mwanzo wa wimbo kwa pumzi zake zote. Nilikuwa nakata karoti. Nikaacha kukata.

Lakini ngoma ilipoingia naye akahamia kwenye kinanda, ikaenda vizuri kidogo halafu ikaanza kuachana na kinanda chake. Simu tena.

"Ngoma yako inachelewa!"

"Haichelewi. Umeweka mwendo gani?"

"Mwendo wa wimbo."

"Namba, shemeji. Namba!"

"Mapigo mia na moja kwa dakika."

"Mimi mia na nne. Kwa hiyo anayechelewa ni nani?"

Nikasikia Ulukman anacheka. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajacheka. Wakakubaliana: mwanzo wa komuz uende huru, bila namba, ngoma ikiingia tu, wote mia na nne, na kila sauti wanayotumiana ianzie sifuri kabisa, pale wimbo unapoanza, hata kama mwanzo wake ni kimya kitupu, ili mwenzake aibandike bila kukisia. Ulukman akamrudishia komuz na kinanda. Nurzada akaisikiliza kwa spika za masikioni kando ya kitanda cha mama, akaona pale komuz inapomaliza pumzi ya mwisho pana nafasi ya kutosha, akaweka makofi mawili mepesi kabla ngoma haijaingia. Akamtumia.

Ulukman aliusikiliza wote akiwa amesimama. Ulipoisha akakaa kwenye kiti, akavua kofia, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia la viazi.

"Topchu," akasema, "mimi nilidhani lazima mmoja wetu abadilike."

Mairamkan alikuja kuusikiliza. Alilia mwanzo, na ngoma ilipoingia alimnyanyua mume wangu kwenye kiti, akacheza naye katikati ya mazulia. Hakuuliza umetengenezwa kwa programu gani. Hakuna mwimbaji aliyewahi kuuliza.

Nurzada aliporudi, habari ya programu moja haikutajwa tena. Kompyuta mpya ina Reaper, laptopu ina Fruti, na kati yao kuna sauti tupu zinazopita. Mmoja akiugua je? Siku Ulukman alipopata mafua, Nurzada alimalizia kazi kwa Fruti yake kutoka kwenye sauti alizoachiwa. Ilitosha. Kijana akija kuuliza anunue programu ipi, wanamtaka kwanza aketi atengeneze kitu mbele yao. Aliyeanza kwa kupiga wimbo wote anakwenda meza ya Ulukman, aliyeanza na kipande cha ngoma anakwenda kwa Nurzada. Mmoja alikuja akaanza kwa kuandika maneno kwenye karatasi. Wakatazamana, wakamkaribisha chai.

Mimi nimerudi kulala usingizi wangu. Jana mchana nimewasikia dirishani.

"Shemeji, umelala?"

"Narekodi."

"Unakoroma."

"Basi weka ngoma chini yake."