Hewa ya bure ya Mzee Ladislaus

"Shimo dogo tu, Mama Irene, kama sahani ya..."

"Sahani ya chai au sinia la harusi? Sema ukweli mbele ya..."

"Ya kawaida! Pampu inakaa juu ya injini, lazima itokeze, sasa wewe unataka itokeze wapi, kwenye..."

"Itokeze huko huko Joburg ilikotoka! Gari zima unataka kulitoboa kama mkate wa bani chau unaochimbwa utiwe mchuzi, halafu Jumapili tutakula wapi?"

Ni saa mbili asubuhi, Ijumaa, kwenye ua ulio nyuma ya maduka madogo ya Greyville, Durban. Anayetetea shimo ni Ladislaus, fundi magari, umri miaka 61. Anayelikataa ni Sesilia, huyo Mama Irene, aliyeoana naye miaka 33 iliyopita na ambaye katika miaka yote hiyo hajawahi kumalizia sentensi ya mumewe kwa upole.

Katikati yao limesimama gari lenyewe: Ford Fairmont GT ya mwaka 1971, rangi ya chungwa, silinda nane. Boneti yake ni pana kiasi kwamba kila Jumapili wakitoka misani, mke, mume na marafiki hutandika magazeti juu yake wakala ugali na samaki wamesimama.

Kitu kinachotaka kuitoboa meza hiyo kinaitwa supachaja. Ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikiongezeka na petroli ikaongezeka, gari linaruka. Hii imefika jana kwenye buti la Sultan, mzaliwa wa Tanga mwenye duka la spea Johannesburg. Gari lake jeusi tayari limefungwa pampu kama hiyo, na halimruhusu mtu kusahau.

"Vieux, mzee, mi nakuambia, ile kitu iko na nguvu mingi!" anachombeza Désiré, fundi umeme wa magari kutoka Lubumbashi anayefanya kazi ua huo huo. "Taa ya robot ikifungua, utaacha watu wote pale. Donc, weka tu!"

"Wewe Désiré usimwage petroli hapa," Sesilia anamkata. "Mtu mwenyewe akiinama kufunga kiatu, kumnyanyua mpaka winchi."

Désiré anacheka mpaka bisibisi inamtoka mkononi. Ladislaus naye anacheka, lakini macho hayatoki kwenye boneti.

Kwake si mchezo. Kabla ya Durban alikuwa mpakaji grisi kwenye vyumba vya injini, kwanza meli za ziwani Mwanza, kisha za mizigo baharini. Mwaka 1992 mkataba ukaishia bandarini hapa, akashuka na begi moja na masikio yake. Masikio hayo ndiyo yanamlisha. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, kishikio sikioni, anafumba macho, kisha anataja ugonjwa.

"Wiki nzuri napata six hundred rand," anasema. "Wiki mbaya nalishwa na cherehani ya mama." Sesilia hushona sare za shule.

Gari hili alilipata mwaka 1995 kwenye nyumba kuukuu ya Glenwood, kwa mjane aliyetaka tu banda lake liwe tupu. Panya walikuwa wamezaliana ndani ya injini, vizazi na vizazi. Ilimchukua miezi 14 kulifufua. Tangu hapo ndilo bango lake la biashara: likinguruma barabarani, watu wanalifuata mpaka uani na magari yao yanayokohoa.

Basi kwa nini kulichokoza?

"Nina sitini na moja," anasema, sauti ameishusha ili mkewe asisikie. "Magoti yanalia, macho ya usiku yameshaniaga. Kabla sijaacha usukani, nataka siku moja hii gari inibandike kwenye kiti kama stempu."

Na kwa nini basi mkono ni mzito kuifunga?

"Injini ni moja, sina nyingine. Nikiilisha hewa mpaka pistoni zikapasuka, nimekufa na bango langu. Kijana akivunja injini anajenga ingine. Mimi nitajenga lini?"

Sultan, aliyekuwa ameegemea gari lake akinywa soda, akaona amalize ubishi kibiashara. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na mbio za robo maili kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji.

"Mzee wangu, tukimbie," akasema. "Mimi na pampu, wewe na uzee wako. Nikikushinda, Jumatatu tunatoboa boneti. Ukinishinda, narudi na mzigo wangu Joburg, na shemeji Sesilia simsumbui tena."

"Sharp, nakubali," akajibu Ladislaus. Sesilia akaingia ndani bila kuaga.

Jumamosi mchana alikuja hata hivyo. Akakalia boksi la barafu, akaipa njia ya mbio mgongo. "Mwanamume akienda kujiua mimi sikodoi macho," akamwambia Désiré.

Kabla ya zamu yao, Sultan aliwasha gari akakanyaga mafuta kuwafurahisha watu. Watu wakashangilia. Ladislaus akainamisha kichwa. Chini ya mlio ule mkubwa alisikia kingine kidogo, kama maharage makavu kwenye sufuria.

Akasogea dirishani. "Sultan, inagonga. Ulibadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vya petroli, ulipoteremka?"

"Jeti za nini? Hii imetengenezwa na mafundi wa Joburg, mzee."

"Ndiyo maana nauliza. Joburg iko juu, hewa nyepesi, wamekupimia petroli ya kule. Hapa pwani hewa ni nzito, na pampu inaongeza ingine. Hewa imejaa, petroli ile ile. Itajichoma. Leo usikimbie, mwanangu. Tuahirishe."

Sultan akawageukia watazamaji. "Mnamsikia? Mzee anaogopa, sasa amekuwa daktari!"

Ladislaus akarudi kwenye gari lake. Akafunga mkanda akiwaza. Kama masikio yamemdanganya, Jumatatu boneti inakatwa. Na kama masikio yamezeeka, hilo ni baya kuliko boneti.

Taa ya robot ikawaka kijani.

Gari jeusi likachomoka kama limetukanwa. Kufika katikati lilikuwa limemwacha Ladislaus urefu wa magari matatu, na Désiré ameshashika kichwa: "Eish, imeisha!" Kisha pakasikika mlio mmoja mkavu, moshi wa buluu ukafumuka nyuma, na gari jeusi likaanza kulegea. La rangi ya chungwa likalipita likinguruma sauti ile ile ya kila siku ya Greyville, safari hii mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, likavuka mstari kwa sekunde 14.7.

Uwanja ulilipuka. Watu wasiomjua wakampigia honi. Désiré alikimbia njia nzima na viatu mkononi akipiga kelele, "Papa Ladi! Papa Ladi!" kama timu yake imechukua kombe.

Ladislaus aliliacha gari likinguruma, hakwenda kwanza kwa wanaoshangilia. Alikwenda kwa Sultan, akafungua plagi moja ya gari lililotoa moshi, akamwekea kiganjani juu ya kitambaa. Nyeupe kama chaki, ncha imeliwa.

"Plagi ya kahawia, injini imeshiba," akamwambia. "Nyeupe, ina njaa. Pistoni moja imetoboka. Iache uani kwangu, nitakutengenezea."

Sultan akavua helmeti, akaibana kwapani. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikucheka mbele za watu."

"Ulicheka. Lipa spea, cheko nimekuachia."

Uamuzi Ladislaus ameshaufanya, na anautangaza kama waziri: supachaja haiingii. "Kule juu hewa ni haba, mtu akinunua pampu simlaumu. Mimi naishi kando ya bahari. Hewa imejaa, ya bure, nainunua ya nini? Na ile ya kubandikwa kwenye kiti, leo nimebandikwa. Nilikuwa siikanyagi mpaka mwisho, kumbe." Sasa anachotafuta ni gereji yenye paa, maeneo ya Sydenham, maana tangu gari jeusi lizime watu sita wamemwomba asikilize injini zao.

Watu wakacheka, wakampiga mgongoni. Hapo ndipo Sesilia akanyanyuka kwenye boksi la barafu. Akakung'uta sketi, akavua kilemba, akakikunja vizuri, akakitia mkobani. Akapita katikati ya wanaume bila kumtazama mumewe, akasimama mbele ya Sultan, akanyoosha mkono.

"Shemeji, niazime hiyo helmeti, wewe si umeshamaliza? Na mwambie Baba Irene asizime gari, nami nikabandikwe."