Hakuna Saba za Mwanvua

Siku ile Mwanvua alikwenda Kilosa kugomba, na alikwenda kwa furaha.

Kwa miaka ishirini alikuwa karani wa masijala katika hospitali ndogo ya Mikumi, ile ambayo watu wanaiita Lami kwa kuwa iko kando kabisa ya barabara kuu. Mwandiko wake ulikuwa fahari ya hospitali nzima. Alifundishwa na babu yake, aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli na kuandika lebo za mizigo stesheni mpaka anastaafu. Babu alimwachia sharti moja tu: andika kilichopo, usiandike unachokitamani. Mwanvua alilishika sharti hilo kama sala.

Lami ilikuwa na madaktari wawili, na ajali za malori hazijui zamu. Mganga mfawidhi, Dokta Bonifas, alizoea kula chakula cha mchana amesimama dirishani, sahani mkononi, macho getini. Mwezi uliopita alimwambia Mwanvua amwandikie barua ya kuomba uhamisho. Mwanvua aliiandika vizuri sana, kisha akaifungia drooni na kusema muhuri umekauka wino.

Dawa ilikuwa moja: madaktari tarajali, wale vijana waliomaliza chuo wanaofanya mwaka wa mazoezi hospitalini huku serikali ikiwalipa. Kila mwaka kulikuwa na mgao. Kila mwaka hospitali za mjini zilipewa kumi, zikapewa ishirini, na Lami haikupata hata wa kusingiziwa. Kwa hiyo kamati ya mgao ilipoitisha kikao Kilosa, na Dokta Bonifas akawa yuko chumba cha upasuaji, Mwanvua alivaa gauni lake la Idi, akapanda pikipiki. Walipofika Zombo, njiani, alikuwa ameshayarudia maneno yake makali mara tano, mpaka dereva akamuuliza anagombana na nani.

"Na serikali," alisema. "We endesha."

Zamu yake ilipofika ukumbini, alisimama, moyo ukimwenda mbio kwa raha.

"Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nauliza, sisi wa Lami ni watoto wa kambo? Basi likipinduka Mikumi, majeruhi wanaletwa kwa nani? Kwetu. Nyati akimjeruhi mtu, kwetu. Hela ya kuwasomesha hawa madaktari ni kodi ya wote, hata ya muuza vitunguu wa Ruaha. Sasa iweje wote waishie mjini?"

Watu walipiga makofi. Mwanvua alibaki amesimama, akiyafaidi.

Katibu wa kamati, Bwana Timotheo, alikuwa mtu mpole wa miwani mizito. "Mama, hapo umesema kweli. Tunataka mgao ufuate uhitaji," alisema, akifungua faili. "Ila nyinyi Lami tunawauliza kila mwaka, na kila mwaka mnatujibu hamhitaji."

"Nani kajibu hivyo?"

Katibu alimletea karatasi. Ilikuwa imeandikwa *Madaktari tarajali*, kisha nukta nyingi, na juu ya nukta neno moja: *Hakuna*. Lile H lilikuwa na mkia uliokunjwa kuelekea kushoto, na wilaya nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeandika hivyo. Fomu zilikuwa saba za miaka saba.

Masikio yalimwaka moto. Fomu ilikuwa ikiuliza mnataka wangapi, naye miaka yote alikuwa akijibu wapo wangapi. Angeweza kukaa chini na kumlaumu karani fulani aliyehama. Aliona aibu, lakini alibaki amesimama.

"Huu mwandiko ni wangu," alisema. "Hawakuwepo, nikaandika hakuna. Niliandika kilichopo."

Kisha mama mmoja kule nyuma, Tumwagile, karani wa hospitali nyingine, akanyoosha mkono taratibu. "Jamani, hata mimi nimeandika hivyohivyo." Mkono wa tatu ukafuata. Watu wakaanza kucheka, na Bwana Timotheo akavua miwani akacheka nao.

"Kumbe tunawanyima kwa sababu ya nukta," alisema. Alimpa Mwanvua fomu mpya na kalamu. "Tunafunga saa tisa. Andika unachokitamani, mama."

Kwa mara ya kwanza maishani aliandika kitu ambacho hakikuwepo: *Watatu*.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa Ulimboka, kijana mcheshi. Mwingine Naanyu, binti wa wafugaji wa Msowero, ambaye kabla hajatua begi alimwamkia kila mtu shikamoo, hadi mlinzi. Mwanvua aliitikia marahaba huku machozi yakimlengalenga, akasingizia vumbi.

Mwezi wa pili tangu wafike, saa saba mchana, Dokta Bonifas aliingia kantini akavuta kiti, akakaa. Alikula taratibu. Kisha alikunja uso.

"Mwanvua, haya maharage siku zote yana chumvi hivi?"

"Siku zote, dokta."

"Miaka yote hii?"

Mwanvua aliinamisha kichwa. Saba kati ya miaka hiyo ilikuwa kosa lake, na alishamweleza siku ileile aliyorudi kutoka Kilosa. Dokta alikuwa amecheka tu.

"Na ile barua yangu ya uhamisho iliishia wapi?"

"Hakuna barua," alisema Mwanvua.

Hiyo ilikuwa hakuna ya nane, na ndiyo pekee iliyokuwa ya uongo. Kabla ya saa ya kutoka kazini aliifungua droo, akaichana ile barua vipande vipande, ikawa kweli.