Safari ya Kasenga na Mapasa Wangu, Bila Baba Yao

Kila mtu wa mtaa wetu alikuwa na shauri la kunipa juu ya safari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda kamiyo, lori la mizigo, peke yake na watoto wawili. Mama wa nyumba ya kushoto alisema niwafungie watoto majivu kidogo kwenye pindo la nguo. Mke wa katekista alisema nisali rozari kuanzia Ruashi, mwisho wa mji, mpaka nifike. Fundi cherehani wa soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, mwanamume mwenye watoto tisa ambaye sijapata kumwona akimfuta hata mmoja makamasi, alisema nisiende kabisa.

"Mwanamuke peke yake na batoto, unaenda wapi? Ungoje bwana yako."

Nimngoje. Nilikuwa nimeshamngoja miezi saba.

Watoto wangu walikuwa na miaka minne. Ni mapasa, ndivyo tunavyowaita kwetu pacha, watoto waliolala tumbo moja kwa pamoja. Aliyetoka kwanza ni mvulana, mrefu, mweusi, kichwa cha baba yake hasa. Msichana alimfuata, mfupi, mnene, na uso wangu. Ukiwasimamisha pamoja utasema wamepishana miaka miwili. Baba yao ni mtu wa Kasai, jimbo la mbali, karani wa reli, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Mimi ni mtu wa huku Katanga, wa mto Luapula, niliyesoma kwa masista mpaka sekondari. Tulipooana hakuna aliyeuliza sana. Lakini Katanga ilipojitenga, watu waliochota maji kwenye bomba moja miaka kumi walianza kuulizana pale pale bombani: weye ni muntu wa wapi?

Ndipo bwana wangu akaondoka na treni pamoja na watu wa kwao waliokuwa wakifukuzwa. Mimi nilitaka twende wote. Alikataa.

"Weye uko muntu wa huku, hakuna mwenye atakugusa," alisema. "Batoto babaki na mama yao. Mimi natangulia. Nikipata nyumba, nitakuita."

Siku zile watoto waliandikwa kwenye buku ya baba, ile buku ya kitambulisho ambayo bila hiyo mtu hapati kazi wala nyumba. Kwenye karatasi yangu mimi liliandikwa jina langu na jina la bwana, basi. Usiku wa kuondoka kwake niliichukua buku ile, nikaitia mfuko wa ndani wa koti lake, nikaushona mfuko kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo kama sista alivyonifundisha, wezi wa kwenye treni wasiipate. Niliwashona watoto wangu ndani ya koti la mtu anayeondoka, nikakata uzi kwa meno. Wala hakuna aliyeliona kosa, si mimi msomi, si yeye karani.

Kwa hiyo mwanamke anayetaka shauri langu la kwanza la safari, ndilo hilo. Kabla ya kukaanga chochote, kabla ya kufunga mzigo, angalia jina la mtoto liko kwenye karatasi ya nani.

Barua zilikuja mbili. Ya pili ilisema nyumba bado, na kwamba huko alikokuwa kuna mti unaochanua maua ya njano, msichana angeyapenda. Halafu hakuna kitu. Mjini bunduki zilikuwa zinalia siku hii, siku nyingine kimya, na kimya ndicho kilichotuchosha zaidi. Mvulana alijifunza kutambua sauti ya injini ya treni kutoka mbali. Angeacha chakula, asimame mlangoni, ahesabu kwa vidole watu wanaopita kutoka upande wa stesheni, halafu arudi kwenye bukari yake, ugali uliokwisha kupoa. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama yangu alituma neno kwa mashofa, madereva wa kamiyo za samaki: leta watoto kwetu Kasenga. Nikaamua.

Lazima nieleze jambo moja hapa, la siku zile za kuzaliwa kwao, kwa sababu bila hilo safari yenyewe haieleweki.

Kwetu mapasa hawapokelewi kimya. Wana wimbo wao. Mama ndiye anayeufungua: anamtukana baba wa watoto na ukoo wake wote, mambo ya mwili, mambo ambayo siwezi kuyaandika maana sista wangu bado yuko hai na anasoma kila kitu. Kisha mama ananyamaza, na baba anajibu, na jibu lake ni baya zaidi. Watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Lakini kuufungua ni kwa mwanamke aliyezaa mapasa tu, au mama yake mzazi kwa niaba yake. Mwingine akiufungua kwa uongo, wanasema, tumbo lake linafungwa moja kwa moja. Sijamwona mwanamke wa kwetu aliyejaribu.

Mimi nilikataa kuimba. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, nimesoma, nina haya. Mama yangu, aliyekuja kutoka Kasenga kwa ajili ya uzazi, akafungua badala yangu. Na bwana wangu, mtu wa Kasai, alikuwa amejifunza jibu la baba kutoka kwa mkwewe kwa siku tatu, kwa lugha yetu, na matamshi yake ya ajabu. Alisimama barazani amevaa tai, akaimba mpaka majirani wakashika mbavu. Kisha akaja kitandani, jasho linamtoka.

"Mama mapasa, sasa weye. Fungua, nikujibu."

"Unanitia aibu," nilimwambia. Nilisema kwa Kifaransa, ili aone nimesoma.

Alicheka, akasema basi, siku nyingine. Miaka mitatu na zaidi niliishi naye nyumba moja baada ya hapo, na siku nyingine hiyo sikumpa.

Tuliondoka asubuhi ya kiangazi, ambacho kwetu huanza na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kamiyo za samaki huja mjini zimejaa na kurudi Kasenga na makasha matupu, magunia ya unga, chumvi, na watu juu yake. Shauri la pili: usichague kamiyo, chagua shofa. Wa kwanza aliniangalia miguu. Wa pili alikuwa na chupa chini ya kiti, saa kumi na mbili za asubuhi. Wa tatu alikuwa anakula karanga. Alipowaona watoto aliacha kutafuna, akagawa karanga zilizobaki mafungu mawili juu ya mlango wa kamiyo, akazisawazisha kwa kidole.

"Mapasa?"

"Mapasa."

"Bapande pamoja. Miye sibebi mapasa mumoja mbele, mumoja nyuma. Kamiyo itanigomea njiani."

Tukapanda nyuma, wote watatu, katikati ya magunia, ambapo upepo haufiki. Niliwafunga kiunoni kwa kitenge kimoja, ncha nikaishika mimi. Nilikuwa na viazi vitamu vya kuchoma, maji ya chumvi na sukari kidogo, na kopo lenye kifuniko, kwa sababu shofa hasimami kila mtoto akibanwa, na mwanamke asiye na mume garini hana wa kumgongea paa la kabini. Machungwa usiwape kabla ya kuondoka. Kila kitu kiwe viwili vinavyofanana. Na usiwadanganye.

"Tunaenda kwa papa?" msichana aliuliza tulipopita Ruashi.

"Hapana. Tunaenda kwa kambo, bibi yenu, mama yangu."

"Papa akirudi?"

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu nilikuwa nimeandika kwa mkaa: tuko Kasenga. Nilimwambia hivyo. Mvulana alikuwa amegeuka, anaangalia nyuma tulikotoka, upande wa reli, na mimi nikageuka pia. Vumbi jekundu lilikuwa limeshafunika kila kitu. Nilijua kwamba kila kichuguu tulichokipita kilituweka mbali zaidi na stesheni ambayo angeshukia, na nilitaka kugonga kabini mwenyewe, kwa ngumi, niseme turudi. Sikugonga. Unga ulikuwa umekwisha nyumbani.

Bariere, kizuizi cha askari njiani, ilikuwa mti mmoja juu ya mapipa mawili. Askari walikuwa wanne, watatu wanaota moto, na mkubwa wao, mtu mzima, mvi kidogo kwenye masikio, ndiye aliyesoma karatasi. Alisoma yangu mara mbili.

"Jina la bwana ni la Kasai."

"Ndiyo, shefu."

"Iko wapi?"

"Alisafiri."

"Na hapa hakuna batoto. Hawa batoto ni ba nani?"

"Ni bangu. Ni mapasa."

Aliwaangalia. Akawaambia washuke, nikawafungua kitenge, shofa akawapokea chini. Askari akawasimamisha bega kwa bega.

"Mapasa gani? Mumoja kama mulingoti, mumoja kama kinu."

Wale watatu wa motoni wakacheka. Mimi nikaanza kueleza kwa Kifaransa, Kifaransa changu kizuri cha masista, na nilipofika katikati ya sentensi nikaona uso wake unafunga. Shauri la tatu: askari anayesoma polepole usimwonyeshe kwamba wewe unasoma haraka.

"Binti ni wako, naona sura," alisema. "Kijana hapana. Kijana ni mutoto wa Kasai, banakupa umupitishe. Weye uende na binti. Huyu atabaki hapa mpaka baba yake akuje na buku."

"Baba yake yuko Kasai."

"Basi atangoja."

Shofa akajaribu. "Shefu, ni mapasa kweli. Hata karanga niliwagawia sawasawa."

"Uliwazaa weye?"

Askari alikuwa ameshamshika mvulana mkono. Hakumshika kwa ukali, na ndicho kilichonitisha. Alimshika kama mtu anayeshika kitu kitakachokaa naye. Mvulana aliniangalia kwa uso ule ule wa mlangoni, wa kuhesabu wapita njia. Nikaelewa kwamba angesimama pale kwenye mapipa akihesabu kamiyo, na angehesabu vizuri, bila kulia, hata mwezi.

Nikaimba.

Sikujua kama naujua. Niliusikia mara moja tu, nimegeukia ukuta. Lakini ulitoka wote, kwa sauti mbaya, na kwa kuwa unataka baba wa kutukanwa na baba hakuwepo, nilimtukana yule aliyekuwa mbele yangu. Nilitukana miguu yake, kitanda chake, mama zake, na kile wanachokisema juu ya wanaume wa ukoo wa baba. Juu ya makasha bibi wawili wazee, abiria wenzetu, walifunika nyuso kwa vitambaa, mabega yanatikisika. Wale wa motoni walisimama. Nilifika mwisho wa sehemu ya mama, nikanyamaza, kwa sababu pale ndipo mama ananyamaza.

Sijui nilingoja nini. Najua nilichokitamani: mtu mwenye tai, matamshi ya ajabu, jasho.

Yule askari aliangalia viatu vyake. Kisha akajibu, kwa lugha yetu. Alianza chini chini, halafu akaimba sawasawa, jibu lote la baba, hakuruka hata tusi, na alilijua kuliko bwana wangu. Alipomaliza mkono wake ulikuwa umeshamwachia mvulana.

"Mapasa bangu niliacha na meno mbili-mbili," alisema. Hakuwa anasema na mimi.

Alitafuta mfukoni akapata biskuti moja. Aliivunja, akaona kipande kimoja kimezidi, akakiuma kidogo, akalinganisha tena, akawapa wote wawili kwa mara moja, mikono miwili. Mti ukainuliwa.

Nilipaswa kushukuru. Shofa alinishukuru mimi njia nzima, akaniita mama kila neno. Lakini nilikaa kwenye magunia na hasira mpaka Kasenga, na hata leo haijaisha. Mara ya kwanza nilipofungua wimbo wa watoto wangu, alinijibu mwanamume nisiyemjua, mwenye bunduki. Na yule aliyeniomba kwa upole nifungue, nilimjibu kwa Kifaransa.

Mama yangu alitupokea mtoni, mikono inanuka samaki. Jioni wanawake walikuja kuwapokea mapasa, na safari hii nilifungua mwenyewe, wala sikuona haya. Nilipofika mwisho wa sehemu yangu, mjomba wangu akasimama. Ni desturi, baba asipokuwepo, mjomba anajibu.

"Kaa, mjomba," nikamwambia.

"Nani atajibu?"

"Hakuna. Kaa."

Alikaa, amenuna. Wanawake walitazamana. Nilinyamaza muda wote ambao jibu la baba lingechukua, na wao wakanyamaza nami, kisha nikaendelea na kipande cha mwisho.

Tuko hapa bado. Barua ninaandika, na mashofa wanazibeba mjini, lakini posta ya Kasai haipiti. Watoto wananenepa. Mchana hucheza bariere kando ya mitumbwi, makasha ya samaki ndiyo kamiyo, ufito ndio mti. Msichana anaimba sehemu ya mama, matusi yote, na mama yangu anajifanya hasikii. Juzi mtoto wa jirani alitaka kuwa askari, akaanza kujibu.

"Hapana," mvulana wangu alimwambia. "Pale ni pa papa."

Wakasimama wote watatu, wamenyamaza, ufito uko chini. Mimi nilikuwa naosha sufuria hatua chache kutoka pale. Nikaacha kusugua, nikangoja nao.