Mwaka Fumie Alipopuliza Filimbi ya Simba

Fumie Kuroiwa aliijua filimbi ya ngoma ya simba kuliko mwanamume yeyote pale kijijini, na kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza. Filimbi ilikuwa ya wanaume. Mumewe, Genzo, ndiye aliyekuwa mpulizaji. Mpunga ukishavunwa alifanyia mazoezi jikoni, mkewe akikata figili za kutia chumvi. Akikosea, Fumie alikohoa. Genzo akarudia palepale bila kugeuza shingo.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Natsuko. Alipofika miaka tisa alitaka kucheza ndani ya simba, yule wa kichwa cha mbao na kitambaa anayevaliwa na watu wawili, maana hatua zote alikwisha kujifunza mwenyewe nyuma ya ghala. Siku ya mazoezi akaenda hekaluni, akasimama mbele ya wanaume, akasema shida yake. Wakacheka.

"Simba hachezwi na mwenye sketi," alisema Tamotsu, kiongozi wa ngoma. "Nenda kamsaidie mama yako kupakua wali."

Natsuko akamtazama mama yake, aliyekuwa pembeni na wapishi. Fumie akainama, akaendelea kupakua.

Alipotimiza miaka kumi na minane, Natsuko alihamia Osaka. Akaolewa huko, na nyumbani akawa anakuja kwenye misiba tu. Wenzake nao waliondoka mmoja mmoja. Shule ikafungwa. Genzo alipofariki, mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani, nyumba zenye watu zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Kiangazi hicho Tamotsu, sasa mzee wa miaka themanini na nne, alikuja akavua viatu mlangoni.

"Mama Natsuko, samahani kwa usumbufu."

"Karibu, Mzee. Chai ipo."

"Tumekaa kikao. Sherehe ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Simba tunampeleka makumbusho mjini. Ila mpulizaji hatuna. Tulifikiria kuweka kanda..."

"Kanda! Genzo angefufuka."

"Ndiyo nikakumbuka. Marehemu alikuwa akisema mwalimu wake yuko jikoni. Sisi tulidhani anatania."

Fumie alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Na sketi yangu je, Mzee?"

Tamotsu aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nilikosea. Nimelijua hilo siku nyingi. Aibu ndiyo iliyonifunga mdomo."

Kesho yake asubuhi Fumie alimpigia binti yake simu, akamwomba aje acheze ndani ya simba.

"Mama, nina miaka hamsini na moja, goti bovu," alisema Natsuko. "Leo mnatuhitaji kwa kuwa watu wamekwisha?"

"Ndiyo. Ni hivyo hivyo, sikudanganyi. Na siku ile mimi ndiye niliyepaswa kukutetea. Nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

"Nitaangalia ratiba ya kazi," Natsuko akasema, akakata.

Siku ya sherehe Fumie alivaa koti la bluu la Genzo, mikono kaikunja mara mbili. Ndani ya simba walikuwemo wazee wawili, na ngoma ilisimama mara mbili ili wavute pumzi. Fumie alipuliza bila kukosea hata sauti moja. Kila wimbo ulipokwisha, alitupa jicho kwenye ngazi za mawe zinazopanda hekaluni. Natsuko hakupanda.

Saa tisa gari la makumbusho likaja. Walikifunga kichwa cha simba kwa blanketi, na Tamotsu akaking'ang'ania kitambaa cha mgongoni mpaka dereva akambembeleza, "Babu, niachie sasa." Fumie alilia hapo, mbele ya watu wote.

Natsuko alikuja baada ya siku tisa, bila kupiga hodi.

"Siku ile nilifika stesheni," alisema. "Nikasikia filimbi kule juu. Miguu ikagoma, Mama. Nikapanda treni iliyokuwa inarudi."

"Ulisikia vizuri?"

"Vizuri sana."

Fumie alimwandalia chakula, na walipomaliza wakaenda kusafisha kaburi la Genzo, wakang'oa magugu. Asubuhi yake Natsuko alirudi Osaka, na mama yake akasimama stesheni peke yake mpaka treni ikaingia kwenye handaki.