Masikio ya Mama wa Vitambulisho

Juzi nilipeleka fomu katika chuo kimoja hapa Lindi. Dirishani, mama anayepiga picha za vitambulisho alimwambia msichana mmoja mwanafunzi, ambaye kwa lafudhi yake ni wa kwetu Pande: "Vua hijabu, masikio yaonekane. Bila kitambulisho hufanyi mtihani."

Wenzake sita wenye hijabu wakaketi chini mlangoni, foleni ikakwama. Yeye akasema kwa adabu, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tutavua, ila anza wewe kuvua wigi. Kwenye hicho kitambulisho chako shingoni, masikio hatuyaoni."

Mama akakitazama kitambulisho, akalishika wigi kwa mikono miwili. Kisha akapiga picha saba, hijabu zote zikiwa kichwani.

Anayedhani hijabu humfunga msichana mdomo aende pale dirishani. Wigi aliache nyumbani.